Plate moja inaacha masizi, ya pili haiachi: masizi hasa yanatoka wapi?

Swali: Nina jiko la gesi la plate mbili, mtungi mmoja. Plate ya kushoto inanichafulia masufuria kwa masizi, ya kulia haina neno. Fundi kaja, kaangalia, kasema gesi ya siku hizi ni chafu. Nikakumbuka nyumbani kijijini: kibatari kilitoa moshi mweusi mpaka asubuhi tunapenga makamasi meusi, lakini chemli iliyojazwa mafuta yale yale haikutoa. Tena mama, kabla ya kubandika sufuria kwenye kuni, alikuwa anaipaka majivu kwa nje. Naomba kueleweshwa: masizi hasa yanatoka wapi, na yale majivu yalikuwa na kazi gani?

Jibu: Fundi wako amekosea, na ushahidi umeuandika mwenyewe. Mtungi mmoja hauwezi kupeleka gesi chafu kushoto na gesi safi kulia. Kosa liko kwenye plate ya kushoto, na huenda likaisha kwa bisibisi na mswaki mkuukuu. Tutafika huko. Tuanze na masizi yenyewe, maana ukishajua yanavyozaliwa utajua pa kuangalia hata fundi asipokuwepo.

Watu wengi huyachukulia masizi kama makapi, yaani mafuta yaliyokosa kuungua yakabaki. Sivyo. Mafuta safi ya taa ukiyamimina kwenye glasi unaona upande wa pili, na hata uyachuje mara kumi hutapata cheusi ndani yake. Gesi ya mtungi ndiyo kabisa, haina hata rangi. Masizi ni kitu kipya, kinachojengwa ndani ya mwali kutokana na mvuke wa mafuta, na ujenzi wote hauchukui hata sehemu ya kumi ya sekunde. Kisha sehemu kubwa ya kilichojengwa huchomwa humo humo kabla hakijatoka. Moshi mweusi unaouona ni baki la hesabu: kilichojengwa, toa kilichochomwa.

Rangi ya njano ya mshumaa ndiyo inayothibitisha. Mwanga ule ni masizi yaliyopata moto mpaka yakang'aa, kama nondo iliyotolewa kwenye tanuru. Mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alilisema hilo zaidi ya miaka 200 iliyopita, wakati akishughulika na taa za wachimba makaa ya mawe. Kwa hiyo mshumaa uliotulia, usiotoa moshi hata kidogo, umejaa masizi tumboni. Yanazaliwa chini, yanang'aa katikati, yanaisha karibu na ncha.

Jaribu mwenyewe. Washa mshumaa mahali pasipo upepo, chukua kijiko cha chuma kikavu na baridi, ukishike kwa kitambaa. Kiguse ubavu wa chini wa mwali, pale penye buluu, kwa sekunde moja: labda ukungu wa maji, basi. Kiingize katikati ya njano kwa sekunde mbili: doa jeusi laini kama mahameli. Kifute, kipoe, kisha kishike sentimita tano juu ya ncha: kinatoka karibu safi. Mwali ni ule ule, kijiko ni kile kile. Kilichobadilika ni hatua ya ujenzi uliyoikatiza.

Na mbona doa linakuja haraka hivyo? Chembe ndogo iliyo kati ya hewa ya moto na kitu baridi hupigwa na molekuli za pande zote, ila za upande wa moto hupiga kwa nguvu zaidi. Basi chembe husukumwa kuelekea penye baridi. Masizi hayatui kwenye kitako cha sufuria kwa bahati mbaya. Yanasukumwa huko, na sufuria yenye maji ni baridi sana ukiilinganisha na mwali. Likumbuke hili, tutalirudia.

Sasa ujenzi. Nta ya mshumaa huyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, inapanda utambi, inageuka mvuke. Lile eneo jeusi kuzunguka utambi halina moto wowote: oksijeni haifiki, imeshikwa na ukuta wa mwali nje. Ila joto linafika. Molekuli ndefu ya nta, yenye kaboni 20 na zaidi, inakatwakatwa na joto bila kuungua, na miongoni mwa vipande vinavyopatikana kimoja ni muhimu kuliko vyote: asetilini, kaboni mbili na hidrojeni mbili. Hilo ndilo tofali la masizi.

Asetilini ni ile ile ya fundi wa kuchomelea. Mtazame anapowasha tochi yake. Hufungua asetilini peke yake kwanza. Mwali unatoka wa njano mchafu, na nyuzi nyeusi zinaanza kuelea karakana nzima kama utando wa buibui uliokatika, zinatua kwenye nywele na mashati ya waliokaa karibu. Akifungua oksijeni, nyuzi zinakoma papo hapo na mwali unajikusanya kuwa koni ndogo yenye weupe wa buluu kwenye ncha. Gesi haikubadilishwa. Alichoongeza ni oksijeni iliyochanganywa kabla ya kuwaka, na huo ndio ufunguo wa plate yako ya kushoto.

Kutoka kwenye vipande hivyo mpaka kwenye chembe kuna kizingiti kimoja kigumu, nacho ni kufunga pete ya kwanza ya atomu za kaboni. Njia inayojulikana zaidi ni vipande viwili vyenye kaboni tatu kila kimoja, viitwavyo propajili, kukutana na kuungana: tatu na tatu, sita, na pete ya benzeni imepatikana. Baada ya hapo mambo huenda mbio. Atomu huru ya hidrojeni inang'oa hidrojeni moja ukingoni mwa pete, nafasi iliyobaki wazi inadakwa na asetilini; inang'olewa nyingine, inadakwa nyingine, pete ya pili inafunga. Pete mbili ni naftalini, zile tembe nyeupe za kuwekwa kabatini kufukuza wadudu. Tatu, kisha nne: pireni, yenye kaboni 16. Mchezo wa kung'oa na kubandika unaendelea hivyo hivyo.

Halafu gesi inageuka kitu kigumu, na hapa wanasayansi wamebishana kwa miongo. Maelezo ya zamani yalisema molekuli bapa kama pireni hulaliana mbili mbili kama sahani kabatini, ndipo chembe inaanza. Tatizo ni kwamba katika joto la mwali, pireni mbili zilizolaliana huachana haraka mno. Mwaka 2018 kundi la watafiti wa Marekani lilionyesha njia nyingine: molekuli zenye elektroni moja isiyo na mwenza, zilizotulia kiasi cha kutovunjika lakini bado zina kiu ya kuungana, hushikana kwa vifungo vya kweli vya kikemia, na kila muungano huzaa nyingine ya aina hiyo. Kwa vyovyote vile, kinachozaliwa kina upana wa nanomita moja au mbili (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), na bado ni laini kama tone la mafuta mazito.

Tone hilo hunenepa kwa namna mbili. Asetilini inaendelea kujibandika juu yake, na tone lenyewe linagongana na wenzake na kumezana nao. Kadiri linavyokaa kwenye joto linapoteza hidrojeni, linakauka, linakuwa jeusi, na ndani yake kaboni hujipanga matabaka juu ya matabaka mithili ya maganda ya kitunguu. Masizi yaliyokomaa yana hidrojeni moja tu kwa kila kaboni nane au kumi. Yakishakauka hayamezani tena. Yakigongana yanashikana yalivyo. Ndiyo maana kwenye darubini ya elektroni unaona vishada vya duara ndogo ndogo, kama zabibu, na kila duara ina nanomita 20 hadi 30.

Hesabu kidogo, kwa anayependa. Unywele una unene wa nanomita 70,000 hivi. Duara moja ya nanomita 30 ni ndogo kuliko huo zaidi ya mara 2,000, na bado ndani yake mna atomu za kaboni zaidi ya milioni moja. Gramu moja ya duara hizo, ukikunjua nyuso zake zote, inapata zaidi ya mita za mraba 100. Hiyo ni sakafu ya nyumba nzima ndani ya kijiko cha chai. Juu ya sakafu hiyo hunata zile pete ambazo hazikuwahi kuwa masizi, benzopireni ikiwemo, na hapo ndipo ubaya wa masizi kwa afya unapoanzia. Daktari Percivall Pott wa London aliandika mwaka 1775 juu ya saratani ya pumbu iliyowapata wafagiaji wa mabomba ya moshi. Ilikuwa mara ya kwanza saratani kuhusishwa na kazi ya mtu.

Upande wa pili wa hesabu ni kuchoma. Masizi yakipanda na kuufikia ukingo wa mwali yanakutana na oksijeni, na zaidi ya oksijeni yenyewe, na hidroksili, kile kipande cha oksijeni na hidrojeni kinachokula kaboni bila huruma. Lakini kazi hiyo inataka joto. Likishuka chini ya nyuzi 1,000 hivi, uchomaji unakuwa wa polepole mno, na masizi yaliyobaki yanatoka nje yalivyo. Hata ujenzi una mipaka yake: unashamiri kati ya nyuzi 1,100 na 1,600 hivi, na joto likizidi sana juu ya hapo pete huvunjika upesi kuliko zinavyofungwa.

Kuna mtego hapa ambao vitabu vya shule huuruka. Masizi yenyewe ndiyo yanayoupoza mwali. Kung'aa ni kutoa joto. Masizi yakiwa mengi, mwali unamwaga joto lake pembeni kwa mwanga. Ukipandisha utambi, mvuke unaongezeka, mwali unarefuka, masizi yanapata muda zaidi wa kunenepa, yanang'aa zaidi, joto linashuka zaidi, na kufika karibu na ncha nyuzi 1,000 zimeshapitwa kabla uchomaji haujaisha. Kuanzia urefu huo mwali unatoboka juu na moshi mweusi unatoka. Kila mafuta yana urefu wake wa kutoa moshi.

Maabara za mafuta hupima urefu huo kwa kitaa chenye utambi mmoja na kipimo cha milimita nyuma yake. Utambi unapandishwa hadi moshi uanze, unashushwa hadi upotee, urefu wa mwali hapo unaandikwa. Mafuta ya ndege ya Jet A-1, ambayo ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa, hutakiwa yafike milimita 25, au 18 kama kiasi cha naftalini ndani yake kimethibitishwa kuwa kidogo. Tolueni, ambayo inakuja tayari na pete ya benzeni mwilini, hutoa moshi kabla ya milimita 10. Kile kizingiti kigumu cha kufunga pete ya kwanza imekirukia. Kwa sababu hiyo hiyo tairi na plastiki ya povu hutoa moshi mweusi tii zikichomwa, na spiriti hutoa mwali usioonekana vizuri mchana: ethanoli ina kaboni mbili tu, na imebeba oksijeni yake mwenyewe.

Sasa kibatari cha nyumbani kwenu kinaeleweka. Kopo, utambi mnene wa pamba, hakuna kioo. Utambi unatoa mvuke mwingi kuliko hewa inayoweza kupenya kwa kujivutia yenyewe, mwali unakuwa mnene na mrefu kupita kiwango cha mafuta ya taa, na kila upepo unaopita mlangoni unaukata kabla haujamaliza kuchoma. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2012 vilionyesha kuwa taa za namna hii hugeuza asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yote kuwa masizi ambayo ni karibu kaboni tupu. Lita moja ya mafuta ya taa ina gramu 800 hivi. Basi kila lita iliyoisha kwenye kibatari ilitoa gramu 56 hadi 72 za masizi, na yalienda kwenye makuti, kwenye kuta na puani mwenu.

Chemli ina mambo matatu ambayo kibatari hakina. Utambi wake ni bapa, kwa hiyo mwali ni mwembamba na oksijeni haina safari ndefu kufika ndani. Kioo chake kinafanya kazi kama bomba la moshi: hewa ya moto inapanda, mpya inavutwa kwa nguvu kutoka chini kupitia kwenye kichwa cha utambi, na zile bomba mbili za ubavuni zinaleta hewa mahali panapohitajika hata upepo ukivuma. Kisha ina gurudumu la kushusha utambi. Mafuta ni yale yale, ujenzi wa masizi upo vile vile (mwanga wake si wa njano?), ila yote yanachomwa kabla ya kutoka. Chemli nayo hutoa moshi utambi ukipandishwa mno au ukikatwa vibaya. Utambi wenye pembe iliyochongoka hutoa ulimi mmoja mrefu, na ulimi huo peke yake unavuka urefu wa kutoa moshi wakati mwali wote uko chini. Ndiyo maana wazee walikata utambi mstari mmoja kwa mkasi, kisha wakapunguza pembe mbili za mwisho kidogo tu.

Neno dogo la pembeni kuhusu mafuta yenyewe. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli hutoa moshi mapema, kwa sababu dizeli ina molekuli nzito zaidi na pete zaidi. Tanzania uchakachuaji uliozoeleka ulikuwa wa kinyume, mafuta ya taa ndani ya dizeli, na ndio uliochangia kodi ya mafuta ya taa kupandishwa mwaka 2011. Petroli ndani ya mafuta ya taa ni habari nyingine kabisa: haileti masizi tu, hulipua taa.

Turudi kwenye plate. Jiko la gesi linafanya kile anachofanya fundi wa kuchomelea, ila kwa hewa badala ya oksijeni. Gesi inatoka kwenye nozeli yenye tundu lisilofika milimita moja, kwa kasi, na kasi hiyo inavuta hewa kupitia dirisha dogo lililo mwanzoni mwa bomba la kuchanganyia. Ujazo mmoja wa propani, mojawapo ya gesi mbili kuu zilizo mtungini, unahitaji ujazo 24 hivi wa hewa ili uungue wote. Butani, ya pili, inahitaji 31. Plate nzuri inavuta kama nusu ya hewa hiyo kabla ya kuwaka, na iliyobaki mwali unaipata nje. Nusu hiyo inatosha kuua masizi. Molekuli ikikatika, vipande vyake vinakuta oksijeni papo hapo na kugeuka kaboni monoksidi kabla havijapata wenzao wa kufunga nao pete. Mwali unabaki wa buluu kwa sababu hamna chembe za kung'aa. Plate yako ya kushoto inavuta hewa pungufu, basi, na kazi yako ni kutafuta kwa nini.

Kwanza hakikisha ni masizi kweli. Mwali wenye vimulimuli vya rangi ya machungwa si lazima uwe na masizi: chumvi ya mchuzi uliofurika, vumbi, hata hewa ya pwani, huleta sodiamu, na sodiamu hutoa rangi hiyo yenyewe. Shika kijiko baridi kwenye ncha ya mwali kwa sekunde tatu. Kikibaki cheupe, safisha plate na usijisumbue zaidi. Kikija cheusi, endelea.

Zima, funga mtungi, acha vipoe. Kama plate zote mbili zina ukubwa sawa, badilishana vifuniko vya juu vya kuwakia kisha washa. Masizi yakihamia kulia, kosa liko kwenye kifuniko: matundu yameziba kwa chakula kilichoungua, au kimepinda na hakikai sawa. Kizamishe kwenye maji moto yenye sabuni, sugua kwa mswaki, zibua matundu kwa kijiti cha meno, kausha kabisa kabla ya kurudisha. Tundu likiziba, mchanganyiko unarudi nyuma kidogo na uvutaji wa hewa unapungua kwenye plate nzima, si kwenye tundu hilo tu.

Masizi yakibaki kushoto, geuza jiko na utazame bomba la kuchanganyia. Buibui na nyigu wa udongo hulipenda sana bomba hili. Utando mwembamba usioweza kuuona bila tochi unatosha. Pitisha brashi ndefu ya kusafishia chupa. Kisha angalia dirisha la hewa: majiko mengine yana kibati cha kuzunguka kinachofungua na kufunga dirisha hilo, na skrubu yake ikilegea hujisogeza. Kifungue kidogo kidogo huku plate ikiwaka, mpaka ncha za njano zipotee. Ukizidisha, mwali utaanza kuvuma na kuruka juu ya matundu, rudisha nyuma.

La mwisho ni nozeli, na hapa ndipo mafundi wa haraka huharibu. Nozeli ikiziba, wao huizibua kwa sindano au waya mgumu, na tundu linapanuka. Tundu la milimita 0.7 likiwa 0.9 linaonekana ni lile lile kwa macho, lakini eneo lake limeongezeka kwa asilimia 65, na gesi inayotoka vile vile. Hewa inayovutwa haiongezeki kwa kiasi hicho, kwa hiyo mchanganyiko unabaki umejaa gesi na pungufu ya hewa. Hakuna kusafisha kutakakosahihisha hilo. Nunua nozeli mpya ya jiko hilo, ya gesi ya mtungi. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya gesi asilia ya bomba, kama inayotumika kwenye baadhi ya nyumba Dar es Salaam, ina tundu kubwa zaidi na itakurudisha ulikotoka. Ukishafunga kila kitu, fungua mtungi na upake povu la sabuni kwenye viungo. Likitoa mapovu usiwashe.

Ingekuwa plate zote mbili zinaleta njano, ningekwambia utazame regulata, au mtungi unaokaribia kwisha: propani hutangulia kuchemka, na mwishoni gesi inayotoka huwa na butani zaidi, inayotaka hewa zaidi. Na hata plate nzuri itachafua sufuria ikiwa kitako kimeukandamiza mwali. Unakumbuka kijiko. Sufuria pana iliyokaa chini mno inaupoza mwali chini ya nyuzi 1,000 katikati ya kazi na kuvuta chembe kwake. Acha mwali wa buluu uguse kitako kwa ncha za nje, ile koni ya ndani isikiguse. Kitu kingine usichokiona hutokea pamoja na masizi: kaboni monoksidi, gesi ya sumu, nayo haipati kuungua ikaisha, kwa hiyo mpaka utengeneze plate hiyo, pika dirisha likiwa wazi.

Mkaa ndio unaowadanganya watu hapo. Hauleti masizi kwa kuwa mivuke ya kujengea ilishaondoka tanuruni, imebaki kaboni ngumu inayoungua juu juu. Sufuria inabaki safi huku kaboni monoksidi ikijaa chumbani. Kuni ni kinyume: zaidi ya theluthi mbili ya uzito wa kuni kavu hutoka kama mivuke. Ikiwaka vizuri inatoa mwali wa njano na masizi meusi makavu. Kuni mbichi haipati joto la kufikia ujenzi huo. Moshi wake mweupe si masizi bali matone ya lami ya mti na mvuke wa maji, nayo yakifika kwenye sufuria baridi yanaganda kama gundi ya kahawia. Kuni nyingi hutoa vyote viwili kwa zamu: lami wakati wa kukokea, masizi moto ukikolea.

Na hapo ndipo majivu ya mama yanapoingia. Hayakupunguza masizi hata chembe. Yalifanya yasishike chuma. Lami inapotua kwenye alumini tupu huingia kwenye mikwaruzo, joto la kila siku linaioka, masizi yanazama ndani yake, na baada ya wiki una gamba linalotaka mchanga na nusu saa ya kusugua. Ukiwa umepaka uji wa majivu na ukakauka, lami na masizi vinatua juu ya tabaka hilo, na tabaka lenyewe linalainika likiguswa na maji na kuondoka na kila kilichokaa juu yake. Majivu ya kuni pia yana aina ya magadi, yaani kabonati ya potasiamu, yanayosaidia kulegeza mafuta na lami. Sabuni ya maji iliyopakwa nyembamba inafanya kazi ile ile. Kwa jiko lako la gesi hakuna haja: masizi yake ni makavu na hutoka kwa karatasi laini. Yasipotoka hivyo, yakawa ya kahawia na kunata, basi si ya gesi, ni mafuta ya kupikia yaliyomwagikia kwenye plate. Ukienda kijijini ukapaka majivu, paka safu nyembamba, nje tu, na uoshe siku ile ile. Magadi yenye unyevu yakilala usiku kucha kwenye alumini huila.